Gari Linalala Wapi

Japani, mtu hasajili gari kabla ya kuonyesha mahali litakapolala. Sheria ya maegesho iliyopitishwa mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, inamtaka mnunuzi awe na nafasi iliyo nje ya barabara, iwe uani kwake au ya kukodi. Nafasi hiyo isiwe mbali na nyumbani: mwanzoni ilikuwa mita 500, siku hizi ni kilomita 2. Mnunuzi anachora ramani, anapima urefu na upana, anapeleka fomu kituo cha polisi, kisha mtu anatumwa kwenda kuhakikisha kwamba kilichochorwa kipo. Ndipo cheti kinatoka, na ndipo gari linapewa namba. Magari madogo yenye injini isiyozidi CC 660 yana utaratibu mwepesi zaidi, na sehemu nyingi za vijijini zimesamehewa, lakini mijini kanuni ndiyo hiyo. Anayedanganya kuhusu nafasi anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 200,000. Anayeifanya barabara kuwa gereji yake anaweza hata kufungwa.

Sheria hiyo inamhusu Mtanzania kuliko anavyodhani. Toyota IST, Vitz, Raum, Noah na nyingine zinazojaza barabara za Dar es Salaam zilianza maisha chini ya sheria hiyo. Kwa miaka mingi, gari lililotimiza sharti lilibandikwa kwenye kioo cha nyuma kibandiko kidogo cha duara, chenye maandishi ya Kijapani, kuthibitisha kuwa lina kwao. Utaratibu wa kibandiko ulifutwa Aprili 2025, ila cheti kimebaki. Magari yaliyokwisha kusafirishwa yalikuja na vibandiko vyake, na wenye nayo hawakuona sababu ya kuvibandua. Kwa hiyo mpita njia wa Kariakoo anaweza kukutana na duara hilo, limefifia kwa jua, kwenye gari lililopandisha magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, tumbo lake likiwa limefunika mtaro, na mama mwenye mtoto mgongoni akilizunguka kwa kushuka katikati ya bajaji na mikokoteni. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni swali ambalo mwenyewe aliulizwa kabla ya kulimiliki.

Safari ya kulifuata swali hilo inafaa ianzie Yokohama, kwenye bandari ambako magari hayo huagana na nchi yake. Yamepangwa kwa mamia, safi, vioo vinang'aa, na mengi hayana dalili ya uzee anayoitarajia mtu aliyezoea neno mtumba. Kinachoyafukuza mapema ni gharama. Gari jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo ukaguzi na matengenezo yanavyomla mwenyewe. Mjapani wa kawaida anaona heri aliuze. Linapitia mnadani, linapakiwa melini, na kwa kuwa Japani na Tanzania zote huendesha upande wa kushoto, usukani hauguswi. Likishuka Dar es Salaam linadaiwa ushuru wa forodha, na ushuru wa uchakavu juu yake likiwa la zamani. Linakaguliwa, linakatiwa bima, linapewa namba mpya. Katika karatasi zote hizo hakuna hata moja inayouliza gari hili litalala wapi, wala litasimama wapi mchana.

Kutoka Yokohama hadi Tokyo ni mwendo mfupi wa treni. Mgeni akishaacha barabara kubwa na kuingia mitaa ya ndani, jambo la kwanza linalomshangaza ni kwamba njia ya waenda kwa miguu haipo. Kuna lami nyembamba inayopitisha gari moja kwa shida, mstari mweupe uliochorwa kando, na ndani ya ukanda huo mwembamba zimesimama nguzo za umeme, moja baada ya nyingine, hasa pale mguu ungetaka kukanyaga. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kupunguza nguzo na kufukia nyaya, lakini kazi ni ya gharama na inakwenda polepole. Kwa macho ya mtu aliyekuja akitarajia nchi ya mfano, mitaa hiyo ni duni kuliko sehemu nyingi za Posta au Upanga.

Lakini asubuhi watoto wa darasa la kwanza wanapita humo kwenda shule bila mzazi, kofia za njano kichwani na begi kubwa mgongoni. Bibi mzee anasukuma kigari chake cha kujishikilia na mboga ndani yake, taratibu, bila kugeuka nyuma kila hatua. Wanaweza kupita kwa sababu pande zote mbili za barabara ziko tupu. Hakuna gari lililolala hapo. Dereva anayeingia mtaani anamwona mtoto kutoka mbali, na mtoto anamwona dereva. Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wamezoea kudai njia pana za kutembea, na ni haki yao kudai. Mitaa ya Tokyo inaonyesha kwamba upana peke yake hauleti usalama: njia ya mita 3 iliyojaa magari ni mbaya kuliko mstari mweupe wa mita 1 usio na kitu juu yake.

Magari yenyewe yamefichwa kwa namna ambayo inahitaji macho kuiona. Nyumba nyingi zimejengwa na nafasi ya gari moja iliyobana kiasi kwamba dereva anakunja vioo vya pembeni ili aingie. Majengo makubwa yana minara ya chuma inayozungusha magari juu na kuyapanga kama vitabu kwenye rafu. Nyumba kuukuu ikibomolewa, kiwanja chake kinaweza kugeuzwa maegesho ya kulipia ya magari matatu au manne wakati mwenyewe akisubiri kujenga. Hapo sakafuni kuna bamba la chuma. Dakika chache baada ya gari kuingia, bamba linainuka chini ya tumbo lake, na halishuki mpaka dereva aende kwenye mashine iliyo pembeni na kulipa. Hakuna mlinzi, hakuna mabishano.

Kwa anayeegesha pasiporuhusiwa, tangu Juni 2006 polisi wa Japani wamekuwa wakitoa zabuni kwa kampuni binafsi zifanye kazi ya kukagua. Watumishi wao hutembea wawili wawili, wamevaa sare za kijani, wakipiga picha na kuandika. Wakikuta gari halina mtu wanabandika kiooni karatasi ya njano, basi. Hawapokei fedha mkononi. Mwendeshaji asipojitokeza kulipa, deni linamfuata mwenye gari, na hilo ndilo lililobadilisha tabia, maana hapo awali ilitosha kusema "si mimi niliyeendesha."

Upande wa baiskeli Japani haikuwa na cha kujivunia. Katika miaka ya 1970 miji ilipanuka haraka kufuata reli. Wafanyakazi wakahamia mbali, asubuhi wakawa wanaendesha baiskeli hadi kituo cha treni, wanaiacha popote na kupanda treni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu ya kitaifa ilikuta karibu baiskeli milioni 1 zimeachwa ovyo kuzunguka vituo. Zilijaza njia, zikaziba ngazi, zikaangukiana kwa upepo. Gari la zimamoto likakosa pa kupita. Mtu wa Dar es Salaam akielezwa hali hiyo hahitaji picha: abadilishe tu baiskeli kwa bodaboda.

Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria iliyozipa halmashauri kazi mbili kwa pamoja, kujenga maegesho ya baiskeli na kuziondoa zilizoachwa. Mpangilio huo ndio wa kuzingatiwa. Kuondoa bila kujenga kungekuwa kuwaonea wafanyakazi ambao hawakuwa na njia nyingine ya kufika kituoni, na kujenga bila kuondoa kungeacha majengo matupu huku njia zimeziba. Swali la nani alipe lilizua ugomvi mkubwa. Kata ya Toshima jijini Tokyo, ambako kuna kituo cha Ikebukuro, mojawapo ya vituo vyenye abiria wengi zaidi duniani, iliona kampuni za reli ndizo zinazoleta umati na hivyo zichangie. Mwaka 2005 ikaanza kuzitoza kodi kwa ajili ya baiskeli zilizoachwa. Kampuni zilikataa kwa nguvu, lakini mazungumzo yaliyofuata yalizifanya zikubali kushirikiana katika kutafuta nafasi, na mwaka 2006 kodi ikafutwa. Leo hesabu ya kitaifa ya baiskeli zilizoachwa haifiki 100,000.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hilo ni kituo cha Kasai, kata ya Edogawa, mashariki mwa Tokyo. Chini ya uwanja wa mbele wa kituo kuna maegesho yaliyofunguliwa mwaka 2008 yenye nafasi 9,400 za baiskeli, na 6,480 kati ya hizo ziko ndani ya visima vya chuma vinavyoendeshwa na mashine. Mwenye baiskeli anaingiza gurudumu la mbele kwenye reli fupi, anabonyeza kitufe, mlango unafunguka, mkono wa chuma unaivuta ndani. Jioni anaonyesha kadi yake, na kabla nusu dakika haijaisha baiskeli imerudi, kikapu mbele, kiti cha mtoto nyuma, kama alivyoiacha.

Mashine inavutia, lakini wanaoifanya kazi hiyo iende ni wazee. Katika vituo vingi vya Japani maegesho ya baiskeli yanasimamiwa na wastaafu walioajiriwa kwa saa chache kwa wiki kupitia vituo vya kazi za wazee, mpango ulioanzia Tokyo katikati ya miaka ya 1970 na ukapewa nguvu ya sheria mwaka 1986. Karibu na mlango wa kituo, mzee mmoja mwenye kofia na glovu nyeupe anaikuta baiskeli imeegeshwa juu ya vigae vya njano vinavyoongoza wasioona. Haipigi teke wala haitupi pembeni. Anaishika usukani na kiti, anaihamisha hatua mbili, anaisimamisha vizuri, anaifunga karatasi ya onyo kwenye usukani, kisha anatazama vigae kuona kama viko wazi mwanzo hadi mwisho. Baiskeli isiyochukuliwa inapakiwa kwenye lori na kupelekwa bohari ya halmashauri, na mwenyewe huilipia yeni elfu chache kuikomboa. Zisizodaiwa huuzwa au hufanyiwa matengenezo. Baadhi ya miji imewahi kuzitengeneza upya na kuzipeleka Afrika kwa ajili ya wahudumu wa afya vijijini, na nyingi zaidi huja kibiashara. Baiskeli zenye kikapu mbele zinazopita Darajani, Zanzibar, zinatoka katika familia hiyo hiyo.

Kituo kinachofuata kwenye reli hiyo ni Nishi-Kasai, mtaa wa wahandisi wa kompyuta kutoka India na familia zao. Humo kuna biriani, dosa, na chapati zinazoletwa zikiwa moto, na Mswahili anayekula hapo anajihisi yuko Kisutu. Tofauti anaiona akitazama nje. Kisutu, mteja aliyekaa kibarazani hula bampa ya gari ikiwa ubavuni na moshi wake ukiingia kwenye sahani. Nishi-Kasai, nje ya mgahawa wanapita watu tu.

Treni ya mwendo kasi inayotoka Tokyo kuelekea magharibi hupita Okayama, mji ambao watalii wengi huupita tu wakienda Hiroshima. Anayejali habari za njia za miguu anapaswa kushuka. Hapa ndipo mkazi wa mji huo, Miyake Seiichi, alipobuni mwaka 1965, kwa fedha zake mwenyewe, vigae vyenye vinundu ambavyo mtu asiyeona anaweza kuvitambua kwa unyayo au kwa fimbo. Tarehe 18 Machi 1967 vilitandazwa kwa mara ya kwanza kwenye kivuko cha barabara kuu karibu na shule ya wasioona ya Okayama. Mwanzoni hakuna aliyevitaka. Miyake alivigawa bure kwa miji mingine ili watu waone faida yake, na ni pale shirika la reli lilipoanza kuviweka vituoni, kuanzia mwaka 1970 huko Osaka, ndipo vilipoenea. Leo viko katika miji ya mabara yote, na mahali vilipoanzia pana mnara wa kumbukumbu.

Lugha yake ni fupi. Kigae chenye mistari mirefu kinasema endelea. Chenye nukta nundu kinasema simama: mbele kuna barabara, ngazi, au ukingo wa jukwaa la treni. Rangi ya njano ni kwa ajili ya wale wanaoona kidogo. Kivukoni pale Okayama mtu mwenye fimbo nyeupe anakuja kwa mwendo wa kawaida, ncha ya fimbo ikisoma mistari, anafika kwenye nukta, anasimama, anasikiliza mlio wa taa, anavuka. Hakuna aliyemshika mkono, na hakuna aliyemwonea huruma.

Kuziba njia kunamwumiza mtu huyo kuliko mwingine yeyote, na kwa namna ambayo mwenye macho haifikirii. Kwa anayeona, pikipiki iliyoegeshwa vibaya inagharimu hatua tatu za kuzunguka. Kwa asiyeona, kigae kimoja kikifunikwa mstari wote umekatika, kwa sababu akishauacha hajui kama anaurudia kulia au kushoto, na kushoto huenda ndiko lilipo lori. Ndiyo maana hata Japani, ambako baiskeli bado huachwa juu ya vigae hivyo kila siku, halmashauri haziachi kubandika mabango na kutuma watu. Dar es Salaam nayo ina shule yake: Uhuru Mchanganyiko, Ilala, shule ya msingi inayosomesha watoto wasioona pamoja na wenzao, hatua chache kutoka pilika za Kariakoo. Wasioona katika mji huo hutembea kwa kushika bega la mwenzao, au kwa fimbo inayogonga taa ya gari, kisha usukani wa pikipiki, kisha meza ya muuza vocha. Ekzosi ya bodaboda iliyozimwa punde tu huunguza muundi wa mguu kabla fimbo haijaigusa. Mtu ambaye amewahi kuungua hivyo hutembea katikati ya barabara, na madereva humpigia honi.

Mwisho wa reli hiyo ya magharibi ni Fukuoka, mji wa bandari unaojulikana kwa vibanda vya chakula vya usiku vinavyosimama juu ya njia za waenda kwa miguu. Inaweza kuonekana kinyume, lakini vibanda hivyo vinasaidia kuelewa suala zima kuliko kitu kingine chochote. Vilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati watu hawakuwa na kazi, na katika miaka ya 1960 vilipita 400. Majirani walilalamika harufu, maji machafu, na kuzibwa kwa njia. Katikati ya miaka ya 1990 mamlaka ziliamua kwamba kibali kisirithiwe nje ya familia, na vibanda vikaanza kufa kimoja kimoja pamoja na wenye navyo. Kisha mji ukabadili mawazo. Mwaka 2013 ulipitisha kanuni maalumu ya vibanda, ukaweka nafasi zilizopimwa, ukavuta maji safi na mifereji ya maji machafu hadi kwenye nafasi hizo, na ukaanza kutangaza nafasi kwa ushindani ili vijana waombe. Sasa vipo kama 100.

Saa 11 jioni mwenye kibanda anafika akivuta kigari cha mbao. Anakifungua kama sanduku, paa linapanda, pazia linashuka, benchi zinatoka, na watu wasiozidi kumi wanakaa bega kwa bega. Kinachouzwa zaidi ni tambi katika supu nzito ya mifupa ya nguruwe, kwa hiyo mgeni Mwislamu kutoka pwani itabidi aulize na achague. Samaki wa kuchoma wapo. Wasiojuana wanasogezeana mabakuli na kuanza mazungumzo, kama Forodhani ya Unguja wakati wa usiku, ambako mishikaki na urojo vimewakusanya matajiri na wapiga debe kwenye benchi moja. Nyuma ya kibanda kuna nafasi ya kutosha ya mpita njia, na kiti cha magurudumu kinapita. Ifikapo saa 10 alfajiri kila kitu kimekunjwa na kuondolewa, sakafu imesuguliwa, na anayekwenda kazini asubuhi hakuti hata alama ya mafuta.

Dar es Salaam imejaribu njia zote mbili kwa mfululizo, kwanza kuruhusu kila kitu na kisha kuondoa. Desemba 2016 wamachinga waliachwa wafanye biashara mijini bila kubughudhiwa, na mwishoni mwa 2018 wakaanza kuuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 waliondolewa kwenye njia za miguu na kuelekezwa masokoni. Kwa majuma machache watu waliona ukingo wa barabara walioukosa kwa miaka. Kisha katika mitaa kadhaa pengo lilijazwa upya, mara hii na magari na pikipiki. Meza ya mama muuza matunda iliondolewa kwa sababu inaziba njia, na mahali pake likasimama gari la mtu mmoja, kubwa kuliko meza nne, linaloshinda hapo tangu saa 2 asubuhi hadi jua linapozama bila kumlisha mtu yeyote. Ikiwa nafasi ya umma ni chache, kama ilivyo kweli, ni vigumu kuona haki ya mpangilio huo.

Nje ya Kariakoo tatizo linajengwa kwa mikono. Katika Sinza, Mwenge, Tabata au Mbagala, mwenye kiwanja kando ya barabara anapanga fremu za maduka hadi mpakani kabisa. Wateja wake hawana pa kuegesha, kwa hiyo anatandaza pevingi kutoka mlangoni hadi kwenye lami, juu ya hifadhi ya barabara, na wakati mwingine anachora mistari. Kazi ni nzuri, safi, na inapendezesha duka. Mlinzi anasimama pale na kitambaa mkononi: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo bosi." Pua za magari zinagusa kioo cha duka na mikia yao imetokeza barabarani. "Samahani mama, pitia huku," mlinzi anasema kwa adabu, akionyesha lami. Mama anashusha ndoo kichwani, anasubiri daladala lipite, anapita. Mlinzi hana kosa. Mwenye duka naye ukimwuliza anaamini ameboresha mtaa, kwa kuwa hapo zamani palikuwa na tope.

Bodaboda wana hoja yao pia. Tangu pikipiki ziruhusiwe kubeba abiria kibiashara, mji umezitegemea kufika pasipofika daladala, lakini haukuzipangia pa kusubiri. Kijiwe kinazaliwa penye abiria: kwenye kona, kwenye kituo, mdomoni mwa geti la hospitali. Mradi wa mabasi ya Mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kwenye kilomita 20.9 za awamu ya kwanza na kuupatia mji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ulileta jambo ambalo halikuwahi kuwapo Barabara ya Morogoro: njia pana ya miguu na njia ya baiskeli, pande zote mbili. Wasanifu walifikiri juu ya basi, mtembea kwa miguu na baiskeli. Bodaboda hakuwamo kwenye mchoro, na alipokuja akachukua kilichokuwa wazi, akikwepa foleni kwenye njia ya baiskeli na kungojea abiria chini ya daraja la kituo. Kumfukuza kila asubuhi kumeshindikana kwa sababu abiria wake bado wapo palepale. Kumpimia mita kadhaa kando ya kituo, kwa rangi na kibao, na kisha kuwa mkali kwa anayezidi hapo, kungefanana na walichofanya Fukuoka kwa wenye vibanda.

Sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaweka haki ya kufika na kupita mahali pa umma. Ushuru wa maegesho unadaiwa siku hizi kwa namba ya gari na kulipwa kwa simu, maana yake uwezo wa kumpata mwenye gari bila kubishana naye mtaani umeshapatikana. Ila unatumika kwa aliyeegesha ndani ya mstari. Aliyepanda juu ya njia ya miguu, mita tano mbele, mara nyingi huondoka bila kudaiwa kitu, kwa hiyo anayefuata utaratibu ndiye anayelipa. Kugeuza hilo hakuhitaji barabara mpya. Picha ile ile na simu ile ile zinatosha.

Kudai cheti cha maegesho kwa kila gari linaloshushwa bandarini, kama ilivyo Yokohama, itakuwa vigumu kwa miaka mingi katika mji ambao nyumba nyingi hazina hata anwani inayokubalika na wote. Panapowezekana kuuliza swali la Wajapani mapema ni kwenye kibali cha ujenzi. Jengo la fremu kumi linapaswa kuonyesha, kabla msingi haujachimbwa, magari ya wateja wake yatasimama wapi ndani ya kiwanja, bodaboda watangojea wapi, na ukanda upi utaachwa kwa anayepita. Afisa anayekwenda kupima kiwanja anaweza kupima na hilo kwa utepe ule ule. Baada ya pevingi kutandazwa na wapangaji kuingia, kazi hiyo inahitaji tingatinga, polisi na kesi mahakamani.